Kijana Asiye na Somo

Katika Lamu niliyokulia, msichana hakuolewa bila kuwa na somo. Somo alikuwa mwanamke mtu mzima, asiye mama mzazi, aliyekabidhiwa kazi ya kumkalisha mwari na kumfundisha yale ambayo mama huona haya kuyatamka mbele ya mwanawe: mambo ya mwili na ya unyumba, kuishi na wakwe, kujisitiri, kujipamba, kusubiri na kukataa. Mafunzo hayo hayakutolewa kama hotuba. Yalipitishwa kwa nyimbo na vitendawili, kwa ngoma, kwa udi uliofukizwa na kwa mkono uliopaka hina, na mwari alitoka pale akiwa na mtu wa kumwendea maisha yake yote. Mvulana naye alikuwa na ami zake, wajomba zake na wazee wa barazani. Aliyekosa mtu ni yule ambaye moyo wake ulielekea kwingine. Mtoto wa kiume anayempenda mwanamume mwenziwe, binti anayempenda binti, na yule ambaye umbo alilozaliwa nalo halilingani na anavyojijua, wote hao walikua wakidhani kuwa wao ni wa kwanza kuumbwa hivyo. Nami ni mmoja wao, na makala haya nayaandika kwa sababu nimefikia umri ambao vijana wameanza kuniamkia shikamoo na kuniuliza maswali ambayo mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Vijana hao husema kwamba watu wetu hawana wazee. Wazee wapo. Wengine hukaa mtaa mmoja nao, hupishana nao katika Usita wa Mui kila asubuhi, na pengine ndio waliowashonea kofia za Idi au waliowapaka hina dada zao siku ya arusi. Kinachokosekana ni mahali pa kukutania na namna ya kuanza kuzungumza. Baadhi ya nyumba za mawe za Lamu zimeunganishwa kwa wikio, chumba kilichojengwa juu ya ujia kutoka nyumba moja hadi nyingine, na wanawake wa zamani waliweza kutembeleana kwa kupitia huko juu bila kushuka njiani mbele ya macho ya watu. Sanaa ndiyo iliyokuwa wikio ya wazee wetu. Walipitia humo kufikiana, walipitisha humo habari zao, na humo ndimo zilimobaki. Kwa hiyo naamini kwamba kijana anayetaka kuwafikia hana budi kupitia njia hiyo hiyo, akae nao katika kazi ya mikono na ya sauti wanayoijua, kabla hajawaomba wamsimulie lolote.

Anayetaka kujua watu wetu walikuwa wapi katika Lamu ya zamani asianzie kwenye makaratasi ya mahakama. Aanzie arusini. Ngoma ya vugo, ambayo wanawake hupiga pembe kwa vijiti huku wakiimba na kusuta na kusifu, ilikuwa ya upande wa wanawake, na mwanamume wa kawaida hakuwa na nafasi ndani yake. Mashoga walikuwa nayo. Watafiti wawili, Gill Shepherd, aliyeandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, na Deborah Amory, ambaye makala yake kuhusu pwani ya Afrika Mashariki ilichapishwa mwaka 1998, wote wawili waliwakuta mashoga wakiwa watu wanaojulikana katika miji ya Waswahili, wenye kazi zao katika sherehe za arusi, na Shepherd aliwaandika pia wanawake wapendanao na wanawake wenzao, ambao wenye mali miongoni mwao waliwatunza wenzi wao waziwazi. Mtu wa Lamu wa umri wangu hahitaji kusomewa hayo. Tuliwaona. Tuliwaona wakipamba chumba cha bibi arusi, wakipiga pembe, wakitunga ubeti papo hapo kumjibu somo wa upande wa pili, na hakuna arusi kubwa iliyohesabiwa kuwa imefana bila wao.

Hata hivyo sitaki kuupamba wakati ule. Mtu yule yule aliyeitwa kwa heshima kuja kupamba Alhamisi aliweza kurushiwa mawe na watoto Jumamosi, na wazazi wao wakanyamaza. Nafasi aliyopewa ilikuwa nafasi ya mtumishi wa furaha ya wengine, na hakuna aliyeuliza yeye alirudi kulala na nani, au kama alilala peke yake, au alizikwa na nani alipokufa. Lakini nafasi hiyo, pamoja na ufinyu wake, iliwapa jambo moja ambalo vijana wa leo hawana: ilikuwa na ufundi wake, na ufundi hauendi bila mwanafunzi. Shoga mkongwe alikuwa na mdogo wake aliyembebea pembe, akamfunza nyimbo, akamwonyesha nani wa kuaminiwa na nyumba gani usiingie usiku. Hawakuuita urithi, lakini ulikuwa urithi.

Urithi huo ulikatika, na sababu za kukatika kwake zinajulikana. Kisa cha kwanza cha ukimwi nchini Kenya kilitambuliwa mwaka 1984, na ilipofika mwaka 1999 serikali ikautangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Katikati ya miaka hiyo pwani ilizika watu wengi kwa majina ya maradhi mengine, na waliokuwa wakipiga pembe walikuwa miongoni mwao. Kisha kuna sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichoachiwa na Waingereza na kinachotumiwa dhidi ya mapenzi ya watu wetu, kinaweza kumfunga mtu hadi miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kukifuta. Mwezi Februari mwaka 2010, hapo Mtwapa, baina ya Malindi na Mombasa, umati uliochochewa na uvumi kwamba kuna arusi ya wanaume wawili ulivamia kituo cha afya na kuwawinda watu majumbani. Natafakari sana uvumi huo. Arusi, mahali pale pale ambapo watu wetu walikuwa na pembe na sauti, ndipo palipogeuzwa kuwa kisingizio cha kuwapiga. Baada ya hapo wazee niliowajua walipunguza kutoka, wengine wakaacha kabisa kwenda kwenye ngoma, na vijana waliokuwa na uwezo wa kuhama wakahamia Mombasa na Nairobi, ambako walipata istilahi, wanasheria na marafiki, lakini hawakupata mtu wa miaka 70 wa kuwaambia kwamba mambo haya yalikuwepo kabla yao.

Nimewaona baadhi yao wakirudi na nia njema. Huja na simu ya kurekodi na orodha ya maswali: ulijitambua lini, ulimwambia nani kwanza, familia ilikuchukuliaje. Mzee huyatazama maswali hayo kwa adabu, hujibu kwamba yeye ni mtu wa kawaida tu, hutoa kahawa, huuliza habari za wazazi wa mgeni, na mazungumzo huishia hapo. Kijana huondoka akidhani kwamba mzee anaona aibu. Mimi nadhani maswali yenyewe yalikuwa ya maisha mengine. Kwa mtu ambaye hakuwahi kumwambia yeyote, ambaye alioa na kuzaa na kulea wajukuu huku moyo wake ukiwa nyumba ya tatu, swali la "ulimwambia nani kwanza" halina mlango wa kuingilia. Na kumtazama mtu usoni, simu ikiwa katikati, ukamtaka aseme jambo ambalo maisha yake yote yalitegemea kutolisema, ni kumtendea kama polisi anavyomtendea, hata kama unampenda.

Mimi nilijifunza kushona kofia za vito kwa mzee mmoja ambaye hapa nitamwita Ami, kwa sababu ndivyo ninavyomwita, na sitautaja mtaa wake. Kofia ya vito hutobolewa tundu moja moja kwa kufuata nakshi iliyochorwa juu ya kitambaa cheupe, kisha kila tundu huzungushiwa uzi, na nzuri huchukua miezi. Kazi hiyo hufanywa barazani na wanaume, mchana kweupe, na hakuna anayeshangaa kumwona kijana ameketi na mzee saa nzima, vichwa vimeinama. Macho yako kwenye sindano. Hakuna anayemtazama mwenziwe. Ndipo maneno yakaanza kuja, kwa upande, kama yanavyokuja kwa watu wa hapa: kwanza bei ya uzi, kisha nakshi hii aliibuni nani, kisha nakshi ile alimshonea nani.

Siku moja Ami alinieleza habari ya kofia aliyoishona alipokuwa kijana. Alimshonea mtu ambaye alikuwa akioa. Alishona usiku, akaificha kila alfajiri, na katika nakshi akaingiza ua ambalo halimo katika nakshi za kawaida, dogo, upande wa nyuma, mahali ambapo anayeivaa hawezi kuliona lakini anayeswali safu ya nyuma yake huliona. Bwana arusi akaivaa siku ya nikaha, kisha akaivaa Ijumaa baada ya Ijumaa mpaka ikachakaa, na Ami akachagua safu yake msikitini kulingana na hilo. Aliyasema haya bila kuinua uso, kisha akanionyesha kwamba tundu langu la tatu limekwenda upande. Simu ya kurekodi isingeliyapata hayo. Na hata ingeyapata, ingeyapata kama kisa, ilhali mimi niliyapata pamoja na mshono wenyewe, kwa sababu ua lile sasa najua kulishona, na nimemfundisha mwingine.

Baada ya hapo tulianza kukutana wachache, wazee kwa vijana, katika nyumba ya mtu ambaye watu wamezoea kuona wageni wakiingia na kutoka kwake. Hatukuuita mkutano. Kuna Bi mmoja aliyekuwa mpambaji wa maharusi, aliyelea watoto wake pamoja na mwanamke mwenziwe chini ya paa moja kwa umri wao wote wa utu uzima, na mtaa ukawaita mashoga wawili walioshibana, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mwenziwe alipofariki, Bi alikaa na watu wa matanga kama jirani, akapokea pole za jirani. Vijana walipomwomba aeleze, alikataa. Walipomwomba awafunze kuchora hina, akakubali, na kati ya waliokuja kujifunza alikuwamo binti aliyezaliwa na jina la kiume, kutoka Malindi, ambaye kwao hawamtaki. Bi alimshika mkono akaanza kuchora kabla hajamuuliza lolote. Alimchora maua ya bibi arusi, mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na alipomaliza akamwambia, "Haya, mwanangu, sasa nawe umepambwa." Yule binti alilia mpaka hina ikaharibika kidogo, na Bi akairekebisha. Kuhusu mwenziwe alianza kuzungumza siku nyingine, akiwa anamfundisha binti huyo huyo kukoroga hina isiwe nzito wala nyepesi, na alianza kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyependa iwe nyepesi na marehemu ndiye aliyependa iwe nzito.

Kutokana na mikusanyiko hiyo ilizaliwa kazi ya leso. Leso ni sanaa ambayo kila mtu wa pwani anaijua kuisoma, ina pindo, ina mji, ina jina, na jina la leso huweza kumwambia mtu mmoja jambo moja na kumwambia mwingine jambo jingine ndani ya chumba kimoja, bila aliyevaa kufungua kinywa. Wanawake wamegombana, wameombana radhi na wametongozana kwa leso tangu karne iliyopita. Tulinunua kitambaa cha pamba na rangi za nguo, tukakata ruwaza, na kila kijana akaketi na mzee mmoja kutafuta jina ambalo wote wawili wangekubali kulivaa. Hapo ndipo nilipoona wazee wakiwa mabingwa. Vijana walileta maneno ya wazi, yenye haki na uhuru ndani yake, na wazee wakayafunga moja baada ya jingine mpaka yakawa fumbo. Leso ya Bi na binti wa Malindi iliandikwa NALIKUJUA HUJANENA. Mke wa mtu anaweza kuivaa mbele ya mumewe. Jirani anaweza kumzawadia jirani. Lakini ukimjua aliyeitunga na aliyetungiwa, hutaisoma tena kwa wepesi.

Vijana wengine hawakuridhika, na ubishi uliozuka siku ile nauona kuwa sehemu ya thamani kuliko leso zenyewe. Mmoja alisema kwamba mafumbo ni minyororo iliyopakwa rangi nzuri. Kwamba wazee walijificha, na kwa kujificha kwao wakawaachia watoto wao dunia ile ile. Kwamba tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ilipoamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba shirika lisilo la serikali, liitwalo tume ya kitaifa ya haki za binadamu ya mashoga na wasagaji, haliwezi kunyimwa usajili, uamuzi huo uliletwa na watu waliosimama mahakamani kwa majina yao, wala haukuletwa na fumbo. Ami alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza baada ya uamuzi huo kulitokea nini Mombasa. Kijana akakiri kwamba mwaka huo huo watu waliandamana mitaani kuupinga. Ami akasema, "Nyinyi mwataka kujulikana. Sisi twalitaka kuishi. Na nyinyi mmefika hapa kwa kuwa sisi twaliishi."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, na bado siwezi kusema kwamba Ami ana haki yote. Kijana yule naye ana haki yake. Kuna gharama ambayo wazee hawakuilipa wao peke yao: wake walioolewa na wanaume wasioweza kuwapenda, watoto waliokua katika nyumba za ukimya, na wale ambao hawakuwa na ufundi wa kujificha, ambao mwendo wao au sauti yao iliwafichua kabla hawajachagua. Fumbo ni silaha ya mwenye uwezo wa kulitunga. Lakini nimeona pia kwamba ubishi huo haukuwezekana kabla ya watu hao kushona, kuchora na kula pamoja. Mtu hawezi kugombana na babu ambaye hana. Siku ile kijana alimwinukia Ami kwa hasira, na jioni alimbebea mkoba mpaka mlangoni kwake, nami nikaona kwamba sasa wana udugu, kwa sababu ugomvi wao ulikuwa wa watu wa nyumba moja.

Kazi ya namna hii inafanywa kwingine, na ni vyema tujue. Mjini Chicago tangu mwaka 2019 kuna mradi wa mazungumzo baina ya vizazi ambao unawakutanisha vijana wanafunzi na wazee wa jamii ya LGBTQ, kifupi cha Kiingereza cha watu kama sisi, wakala pamoja, wakazungumza mada kwa mada na kutengeneza kazi za sanaa kwa ushirikiano. Katika mji huo huo, mwaka 2014, palifunguliwa nyumba 79 za kupangisha kwa ajili ya wazee, ambazo sehemu yake ni jengo la zamani la kituo cha polisi. Nikiwasimulia wazee wa hapa habari hiyo hunitaka niirudie, hasa sehemu ya polisi. Kule pana mlango wenye anwani. Hapa hatuna, na ndiyo maana siamini kwamba tunaweza kuuchukua mpango wao ulivyo. Lakini msingi wa kukaa mezani mara nyingi, kabla ya kuombana hadithi, ni ule ule.

Kuna pia blanketi kubwa la kumbukumbu la waliokufa kwa ukimwi nchini Marekani, lililoanzishwa San Francisco. Tarehe 11 Oktoba 1987 lilitandazwa Washington likiwa na vipande 1,920, kila kimoja kimeshonwa na wapenzi au jamaa wa marehemu, na kila kimoja kina urefu wa futi sita na upana wa futi tatu, kipimo cha kaburi. Bi alipoelezwa habari hii alinyamaza, kisha akauliza kama ni lazima jina liandikwe. Nikamwambia kwamba wengine hawakuandika jina kamili. Akasema kwamba basi na yeye angeweza. Tangu hapo anashona kipande chake kwa leso za marehemu, na hajakionyesha kwa mtu.

Tahadhari nayo tumejifunza kwa wengine. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, anayepiga picha za wanawake weusi wapendanao na wenzao na za watu waliobadili jinsia katika mfululizo alioanza mwaka 2006, alivunjiwa nyumba mjini Cape Town mwaka 2012, na wezi wakaondoka na diski zaidi ya 20 zenye kazi yake ya miaka. Hapa Kenya, kikundi cha sanaa cha Nest cha Nairobi kilikusanya masimulizi ya watu wetu kutoka sehemu mbalimbali za nchi, kikayageuza filamu mwaka 2014, na filamu hiyo ikapigwa marufuku kuonyeshwa nchini. Watengenezaji wake walianza kwa kuficha majina yao, kisha wakajitaja wenyewe huko Toronto, walipoona kwamba wakati umefika. Hilo la kujichagulia wakati ndilo ninalolishikilia. Hadithi ya mzee wa Lamu ina wake na watoto na wajukuu ndani yake, ambao hawakuulizwa, na mtu anayeichapisha kwa sababu tu mzee alikubali jana anaweza kuvunja nyumba ya watu kumi. Kwa sababu hiyo tumewekeana masharti. Hakuna picha za nyuso. Anayesimulia anaweza kuitaka hadithi yake irudishwe wakati wowote, hata baada ya miaka. Sauti zilizorekodiwa huhifadhiwa katika sehemu zaidi ya moja, na si katika simu ya mtu, kwa kuwa simu ndicho kitu cha kwanza ambacho polisi na ndugu wenye hasira hukitaka.

Watu wakiniambia kwamba mambo haya ya vizazi na hadithi ni ya kigeni, huwakumbusha Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa kwa muda wa mwaka, mwanamke huyo wa visiwa vyetu alimwita binti yake akaribie na wino na karatasi, akamtungia utendi wa wasia ambao mpaka leo husomwa Lamu. Mengi aliyomuusia juu ya utii kwa mume hayanihusu na sitayaishi. Lakini tendo lenyewe ni letu: mzee anayejua kwamba muda umepungua, kijana aliyeketi karibu, na sanaa iliyokuwa tayari mkononi kuubeba ujumbe. Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alilifanya tendo hilo kwa upande wa pili. Mnamo Januari 2014 aliandika makala ambamo alijisawiri akifika kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa na kumwambia kwamba yeye ni shoga, neno ambalo hakuwahi kumwambia, na mama huyo alikuwa amekwisha fariki mwaka 2000. Wainaina mwenyewe alifariki tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla ya uamuzi ule wa Mahakama Kuu. Nikiweka kazi hizo mbili pamoja, mama anayemwita binti angali hai, na mwana anayemwita mama aliyekwisha kwenda, naona kinachotusukuma kufanya haraka. Sitaki vijana wetu waandikie makaburi.

Ami ana madaftari. Alitutajia mwaka huu tu, akiwa na homa, na alipopata nafuu akayatoa. Ni tungo zake tangu ujana, mashairi na nyimbo za vugo alizozitunga kwa ajili ya arusi za watu, na nyingine ambazo hazikuwa za arusi ya mtu yeyote, zote zimeandikwa kwa khati ya Kiarabu kama walivyoandika wazee wake. Vijana waliopita madrasa wanazijua herufi, lakini Kiswahili katika khati ile ya zamani ni kazi nyingine: irabu e na i huandikwa alama moja, o na u vivyo hivyo, na p hufichwa ndani ya b, kiasi kwamba msomaji hana budi kuijua lugha na mizani ya ubeti ndipo ajue neno ni lipi. Binti wa Malindi ndiye aliyeshika mbele katika kusoma. Akikwama, Ami humwimbia mstari uliotangulia ili vina vimwongoze. Hataki madaftari yapigwe picha, na tumemkubalia. Kurasa ambazo hazijasomwa bado ni nyingi kuliko zilizosomwa, kwa hiyo tutaendelea kukutana baada ya Isha mpaka Ramadhani iingie, na baada ya Idi yeye mwenyewe ataamua ni beti zipi zinakiliwe kwa herufi za Kilatini, zipi zifunzwe kwa mdomo tu, na ni nani kati ya vijana hawa atakayekabidhiwa mengine.